Nyasi Nyuma ya Benchi

— Sasa jamani, nyasi za huku mtu anaanza kuzikata lini?

Mzee Juvénal aliuliza hivyo, na hakuna aliyemjibu. Kusema walisema, tena sana, ila kila mtu alijibu swali lake mwenyewe. Ilikuwa Jumamosi ya Aprili, mwaka 2009, pale Vällingby, Uswidi, kwenye benchi la nyumba za safu linalotazama maegesho ya magari. Nyuma ya benchi kuna uwanja wa nyasi wa wakazi wote, lakini majira yale hakuna mwenye akili anayelipa jua kisogo. Wote walikaa nyuso juu, macho nusu wameyafumba kama mijusi, chupa ya kahawa ikizunguka. Anselmo wa Dodoma, aliyekuja kusoma zamani akasahau kurudi, walimwita Almanaka, kwa kuwa alijua hali ya hewa ya kila mahali isipokuwa pale alipo. Wanjohi, dereva wa basi, walimwita Limuru, maana hakuna mada aliyoshindwa kuifikisha kwao. Na pembeni, mguu ukimchezacheza, alikaa Ghislaine, binti wa Juvénal, mwanafunzi wa sheria ambaye chuoni hakuna aliyependa kupangwa naye kwenye mdahalo.

Wakazi walikuwa wamemchagua Juvénal msimamizi wa nyasi. Walimkabidhi ufunguo wa kibanda cha mashine, na kesho, siku ya usafi, angesimama mbele ya majirani wote awaambie mashine inatoka lini. Ufunguo alikuwa nao mfukoni, na kila mara aliupapasa kuhakikisha bado upo. Ghislaine alikuwa akimwona, na kila alipoupapasa, yeye alizidi kuchemka.

— Limuru hatungoji, alianza Wanjohi. Nyasi zinaota Krismasi, zinaota Pasaka. Ukilala mchana, unaamka zimekufika magotini. Kata kila Jumamosi, mzee, maneno yaishe.

— Limuru kuna theluji? aliuliza Anselmo.

— Kuna baridi!

— Baridi hata friji inayo. Kwetu Dodoma nyasi zinakatwa na mbuzi, na mbuzi haulizi tarehe. Lakini hapa ni sayansi, bwana. Shemeji yangu yuko Malmö, kusini kabisa, ameshakata tayari. Jamaa yangu yuko Kiruna, kaskazini kabisa, bado anazoa theluji kwa koleo. Nchi moja hiyo hiyo, ndefu kama foleni ya kupata nyumba! Kwa hiyo unachukua Malmö, unajumlisha Kiruna, unagawanya kwa mbili.

— Inatoka nini?

— Mei. Au mwisho wa Aprili. Inategemea umeanzia upande gani.

Juvénal alicheka kidogo, cheko la mtu ambaye hajasaidiwa.

— Kwetu, mkoani Ngozi, ni jembe tu, alisema. Uani unakwangua mpaka udongo ung'ae. Nyoka akipita unamwona tangu mbali, na mgeni akija anajua humu kuna watu. Ukiacha nyasi mpaka mlangoni, watu wanauliza wenyewe walikimbilia wapi.

— Usithubutu kukwangua! Anselmo alishtuka, kahawa ikamwagikia suruali. Mimi mwaka wangu wa kwanza jua la Aprili lilinidanganya. Nikazinyoa nyasi kipara. Kesho yake ikapiga barafu. Kiangazi kizima uwanja una mabaka kama mbwa mwenye upele. Jirani akaniletea keki, akanipa pole. Alidhani ni mambo ya dini yangu.

— Ni kwa sababu uliziamsha vibaya, alisema Wanjohi. Nyasi za huku zinalala. Ukizikata usingizini, zinaamka na hasira.

— Nyasi zina hasira?

— Wewe ukiamshwa kwa mkasi utafurahi? Halafu niwape siri nyingine. Mswidi hakati kwa tarehe. Anachungulia dirishani. Mtaa mzima unangoja mjinga mmoja aanze. Akiharibu, wanajua bado. Akipatia, mashine zote nje! Na huyo mjinga wanampata kwa ku...

Akamwona Juvénal, akauma ulimi. Alikuwa ameshachelewa.

— Kwa kura, Ghislaine akammalizia. Asante, anko Wanjohi. Baba, si ndicho nilichokuambia tangu siku walipokuchagua? Hawajakupa cheo, wamekupa lawama! Miaka yote hiyo hakuna aliyekuuliza unaonaje kuhusu chochote, si shule, si takataka, leo wanakuuliza nyasi? Warudishie ufunguo wao. Kesho nasimama mimi, nawaambia kwa hoja tatu tu, tuone nani atajibu!

Angeweza, na wote walijua. Tangu akiwa na meno ya utoto yeye ndiye aliyekuwa mdomo wa baba yake: benki, hospitali, hata shuleni, mwalimu alipomwita baba kulalamika juu ya Ghislaine mwenyewe, na Ghislaine akatafsiri yale aliyoona yanafaa.

— Bon, sawa, alisema Juvénal taratibu. Labda ni mjinga wao. Lakini ni mara ya kwanza nchi hii mtu kunipa kazi bila kunipangia saa ya kuifanya.

Ghislaine akavuta pumzi aanze hoja ya kwanza.

Hapo akatokea Queen, mpwa wa Anselmo, mgeni kutoka Morogoro, amezama ndani ya koti la mjomba wake, inaonekana pua tu.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanangu. Kaa, kahawa imebaki ya kwako.

Akakaa, akashika kikombe kwa mikono miwili, akawasikiliza wakirudi Malmö, Kiruna na Limuru. Kisha akauliza:

— Samahani, mjomba. Hizo nyasi zenyewe zimeshaanza kuota?

Anselmo alitazama juu. Wanjohi alitazama ndani ya kikombe chake. Ghislaine, mwenye hoja tatu kwa kila jambo, aligeuza shingo kutazama nyuma ya benchi. Tangu asubuhi wote walikuwa wamezipa mgongo.

Juvénal aliinuka, akazunguka benchi, akachuchumaa. Alizipekua nyasi kavu za mwaka jana kama mama anayekagua kichwa cha mtoto. Akasimama, akakandamiza kwa kiatu. Maji yakachuruzika pembeni ya soli. Ghislaine hakukumbuka lini alimwona baba yake akifanya jambo bila haraka.

— Zipo, alisema aliporudi. Fupi, kama ndevu za kijana. Lakini ardhi imelowa, mashine itazama. Bado.

— Bado mpaka lini? Anselmo alitaka tarehe.

— Mpaka nizishike nikute zimekauka, na zimerefuka.

Kichwani mwa Ghislaine sentensi ilikuwa tayari imeshageuka Kiswidi, imenyooka, ina mwanzo na mwisho.

— Safi, baba! Kesho nitawaambia hivi...

Juvénal alifuta mkono kwenye suruali, akaupapasa ufunguo.

— Mama, kesho njoo. Usimame karibu yangu. Lakini uniache niseme mwenyewe.