Alama Chini ya Sahani

Lorraine, zima hiyo televisheni, na wewe Clive acha kusimama mlangoni kama mtu aliyekuja kusoma mita ya gesi. Vuta kiti, kaa upande huu ambao sikio langu bado linasikia. Nimewaita wote wawili siku moja, nikijua kabisa kwamba tangu Pasaka hamjakaa chumba kimoja, kwa sababu nina maneno ya kuwaachia na pumzi zangu si za kutumia mara mbili. Nesi amesema nipumzike. Nitapumzika, tena sana, wala hatakuwa na haja ya kunikumbusha. Kwa sasa nisikilizeni, na mtu asinikatize ila kwa kunipa maji.

Nyumba hii ni ya halmashauri, kwa hiyo hapana cha kugombea hapa zaidi ya mapazia. Saa ya baba yenu ni ya Clive. Cherehani na pete ni za Lorraine. Lile buli lenye mdomo ulioungwa kwa gundi mpeni Bi Parveen wa duka la posta, ambaye miaka sita sasa hufunga upya maboksi yangu kwa selotepu yake mwenyewe, kwa kuwa anaona mikono yangu inatetemeka, halafu huinama chini ya meza akijifanya anatafuta stempu ili nisione aibu. Hayo yamekwisha. Kinachowagombanisha ninyi ni duka.

Mnajua duka lilivyoanza. Miaka thelathini na moja nilikaa kwenye benchi la kiwanda cha Pell nikichora mstari wa dhahabu kwenye kingo za vikombe vya watu wengine, na nyumbani tukanywea vile vilivyokataliwa, kwa maana mfinyanzi hulia gaeni, na mji wetu wote wa Longton, mji wa viwanda vya vyombo, uliishi hivyo. Pell walipofunga, baba yenu, aliyekuwa mtu wa tanuri, aliketi kwenye kiti kile pale na hakuinuka tena kwa moyo wake wote. Mimi nikanunua kompyuta kuukuu kwenye mnada wa kanisani, Lorraine akanifundisha kubonyeza, nikafungua duka mtandaoni. Mtu amevunja kikombe kimoja cha seti ya marehemu bibi yake, anaandika, mimi nazunguka minadani na kwenye maduka ya vitu vikuukuu mpaka nakipatia mwenzake. Miaka ishirini na mitatu. Kila chombo nilikigonga kwa ukucha kusikia kama kina ufa, na chenye pengo nilisema kina pengo kabla sijasema kingine chochote.

Basi niambieni ni biashara gani hii ambayo kadiri unavyozidi kuwa mwaminifu ndivyo unavyozidi kufichwa. Wazee walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Waongo. Siku hizi chema nacho sharti kijitembeze, tena kijilipie nauli. Wenye soko la mtandaoni walianza kwa kutaka tulipie ili tuonekane. Kisha wakataka tupeleke mzigo bure, kisha mnunuzi arudishe akitaka, hata kama amekaa na buli langu mwezi mzima na kulinywea chai. Kila nikizoea kanuni wanaibadilisha. Miaka yangu ishirini bila lawama haikuhesabiwa kitu, kwa sababu kwao mla ni mla leo, na aliyeuza asubuhi hii, hata akiwa na ghala la vikombe elfu ambavyo hajawahi kuvigusa kwa mkono wake, ndiye anayewekwa mbele, na mimi nawekwa ukurasa wa arobaini ambako hafiki mtu ila aliyepotea. Niliandika kulalamika. Akanijibu mtu aitwaye Amber, akanipa pole kwa maneno mazuri, nami nikamuulizia hali ya mama yake. Akanipa pole ile ile, neno kwa neno. Lorraine akacheka mpaka akashika ubavu: "Mama, huyo si mtu, ni kompyuta." Nilichukia. Nilikuwa nimeshaanza kumpenda.

Lakini leo si siku ya kumlaumu jirani na kuficha takataka zangu. Na mimi nilikuwa na kosa langu. Sisi watu wa Longton, mtu akitukaribisha chai, hata iwe kwa askofu, kabla ya kumega mkate tunageuza sahani kuangalia mhuri wa kiwanda. Mama yangu alifanya hivyo kwenye harusi yangu, mbele ya wakwe. Kwa hiyo nilipopiga picha za vyombo vya kuuza, picha ya kwanza siku zote ilikuwa ya chini, mhuri unaonekana vizuri, na maua yalikuja picha ya nne. Kwangu hiyo ilikuwa heshima, kwamba namwonyesha mtu ukoo kabla ya sura. Lorraine aliniambia tangu zamani, "Mama, watu wanafungua duka lako wanakuta makalio ya sahani mia nne." Nikamjibu kwamba anayejua vyombo huanzia makalioni. Tukagombana kwa hilo miaka saba. Kumbe mnunuzi wa leo hajui mhuri ni nini, anataka maua, na akikuta duara jeupe anapita.

Februari nilipolazwa, Lorraine, ulizigeuza picha zote bila kuniomba ruhusa. Wiki ile vyombo kumi na kimoja vilikwenda, na mimi niliporudi nikakununia siku kumi na nne badala ya kusema asante. Baadaye kukawa kimya tena, wakataka tulipie tangazo, lakini hilo halifuti lile. Ulikuwa na haki. Nimesema. Usinifanye niseme mara ya pili.

Sasa, Clive, acha kuangalia kapeti.

Katika miaka ile mibaya nilikuwa na mteja mmoja ambaye hakuniacha, Bwana Oakden wa Crewe. Wengine wote walipotoweka, yeye kila wiki alinunua kitu. Sahani, kibakuli cha sukari, hata lile jagi baya lenye sura ya mbwa ambalo nililitangaza kwa kutania. Hakurudisha wala hakulalamika. Nilimwombea kila Jumapili kwa jina lake. Na kwa kuwa alikuwa mtu wa pekee aliyebaki, nilianza kumtilia barua ndani ya boksi, na ndani ya barua, Mungu anisamehe, nikaanza kumsengenya mwanangu. Nilimwambia kwamba binti yangu ananigombeza lakini yupo, ila wa kiume ni dereva wa lori, hupita barabara ya Longton mara mbili kwa wiki na hashuki, na nikifa atapata habari kwa redio. Halafu nikashangaa, maana kila baada ya barua kama ile Clive alitokea Jumapili na chapati za shayiri za moto zenye jibini na nyama, akakaa saa nzima bila kusema neno, akarekebisha bomba, akaondoka. Nikasema maombi yamejibiwa.

Miaka miwili iliyopita, Clive, siku yako ya kuzaliwa, ulinikaribisha kwako. Ukaweka keki kwenye sahani ya buluu, ukaingia jikoni kuleta maziwa. Na mimi ni mtu wa Longton. Nikainua keki, nikageuza sahani.

Pembeni mwa mhuri kulikuwa na namba yangu ya duka kwa penseli, mia mbili na kumi na saba, mwandiko wangu mwenyewe, saba yenye mkia. Niliiuza sahani ile kwa Bwana Oakden wa Crewe.

Ukarudi ukaniuliza, "Keki ikoje, Mama?" Nikakujibu, "Kavu." Haikuwa kavu.

Lorraine, usilie kwanza, sikia. Oakden ni dereva mwenzake Clive, alimwazima jina na anwani tu; aliyekuwa akinunua ni Clive. Mimi nilidhani nafanya biashara, kumbe nilikuwa nalelewa. Nilidhani namwaga uchungu wangu kwa mgeni, kumbe nilikuwa nampelekea mwanangu mashtaka yake mwenyewe kwa posta, yamefungwa vizuri kwenye karatasi laini. Naye akayasoma yote, akaendelea kununua. Nilikasirika, Clive, ndiyo, nusura nikupigie simu nikutukane. Kisha asubuhi nikakuta boksi la kufunga, nikainuka kitandani kulifunga, nikaelewa kwamba boksi lile ndilo lililokuwa likiniinua. Basi nikanyamaza. Nikaendelea kumwandikia Oakden. Ile barua ya Novemba, niliyosema mwanangu ni mtu mwema asiyejua kusema, ulidhani nimeanza kuchanganyikiwa. Sikuchanganyikiwa. Nilikuwa najua naandika kwa nani.

Nipe maji. Hapana, si hicho kikombe cha plastiki. Mimi si mtoto.

Sasa Pasaka, mbele ya shangazi yenu, Lorraine ulisema, "Wewe Clive hujawahi kuinua hata kidole kwa ajili ya duka la Mama, leo unataka kulirithi?" Na wewe Clive, badala ya kusema ukweli, ukamwambia dada yako, "Wewe ungeuza hata meno yake." Mkanunua kimya cha miezi miwili kwa maneno hayo. Nami niliyekuwa na dawa mfukoni nilikaa naitazama tu, kwa aibu, kwa sababu kumtetea Clive ilikuwa kukiri kwamba duka langu lilikwisha kufa zamani. Hilo ni deni langu kwenu wote wawili, nalilipa leo. Mmoja wenu alinipenda kwa kunigombeza, mwingine kwa kunidanganya. Sijui ni yupi aliyenichosha zaidi.

Kuhusu yule bwana wa Manchester anayetaka kununua jina la duka ili auze vifuniko vya simu chini yake. Lorraine, najua ulitaka pesa zile zilipe mazishi, hukuwa na tamaa. Lakini watu walioniamini wataona jina langu watanunua, na jina langu litakuwa ngozi ya kondoo mgongoni mwa mtu mwingine. Hapana. Na wewe Clive unayetaka liendelee, liendelee kwa nani, kwa Oakden? Lifungeni. Lorraine alifunge kwa mkono wake, kwa kuwa yeye ndiye aliyenifundisha kulifungua. Vyombo vilivyobaki chumba cha juu, pamoja na hivyo vilivyojaa gereji ya Clive, naam, najua viko gereji, pelekeni ukumbi wa kanisa, watu wavinywee. Vimechoka kupigwa picha. Jagi la mbwa abaki nalo Clive, ndiyo adhabu yake.

Limebaki moja. Yuko mama wa Aberdeen, Isla Moncrieff, miaka saba ananisubiri kisahani cha Pell chenye ukingo wa kijani. Seti ya mama yake, kisahani kimoja kilivunjika siku ya msiba. Kila Krismasi ananiandikia kwamba hana haraka. Nilikipata Oktoba, kimo kabatini, kwenye soksi ya baba yenu. Sikukitangaza. Hakiuzwi. Mpelekeeni kwa posta, na mwende wote wawili kwa Bi Parveen, gari moja, Clive aendeshe na Lorraine akipakate, wala msizungumzie siasa njiani.

Kilete, Clive. Mkono wangu hauinuki... kigeuze kwanza. Mhuri upo? Haya. Sasa mpe dada yako akigonge kwa ukucha, pale ukingoni, taratibu.

Mmesikia... kimelia. Kizima hicho.

Karibuni, sogeeni. Yule Mfinyanzi aliyewatoa kwenye udongo wa hapa... awape moto wa kuwakomaza, usiwe wa kuwapasua. Awape chai ya kunywa na mtu wa kunywa naye. Mkigombana, gombaneni, ila mpigiane simu jioni yake. Nawabariki wote wawili kwa kipimo kimoja, asije mtu akasema mwenzake kapewa zaidi.

Kifungeni sasa. Karatasi mbili, Lorraine... si moja, barabara ya Aberdeen ni mbaya. Na andikeni pale juu, kwa mkono, kwamba kinavunjika.