Alama Tatu za Mwikali

Waombolezaji wapendwa, baba padri, ndugu zetu wa soko la Machakos na majirani wa Kola mliokesha nasi wiki nzima, tunawaomba mtuvumilie, kwa sababu familia ilitafuta mtu wa kusoma historia hii bila kulia, ikamkosa, ikamchagua Syombua, dada yake Mwikali, ambaye angalau hulia huku akiendelea kusema.

Marehemu Urbanus Ndolo alizaliwa tarehe 14 Aprili 1949 kule Kalama, akiwa wa nne kati ya watoto saba, akasoma shule ya msingi huko huko kuanzia mwaka wa 1957 hadi 1964, akapita mtihani vizuri, lakini ukame uliofuata ukamaliza ng'ombe wa babake, na masomo yakaishia hapo. Mwaka wa 1967 alienda Nairobi kujifunza ufundi wa redio, na mwaka wa 1972 akarudi kufungua kibanda chake nyuma ya soko, ukuta mmoja na duka la vitambaa la Yahya, na kwa miaka thelathini na mitano wawili hao walikunywa chai ya saa nne kutoka birika moja, isipokuwa mwezi wa Ramadhani, ambapo marehemu naye aliiacha, akisema chai ya peke yake haina ladha.

Tarehe 6 Desemba 1975 alifunga ndoa na Mwikali katika kanisa la hapa Kola, wakajaliwa watoto watatu, Muindi, Ndanu na Kamanthe, ambao wote wako hapa.

Sasa tumefika kwenye ligi, na anayetaka tuiruke itabidi atutafutie marehemu mwingine. Ilianza mwaka wa 1998, kibandani, mbele ya televisheni za watu zilizokuwa zikingoja kutengenezwa, wakati mji wote ulipopagawa na ule mchezo wa kuigiza wa Jumapili jioni, na kila mchezaji wa ligi alichagua wahusika wake watano, akawa anavuna alama kwa mambo yao, chozi alama moja, kofi lililotua alama tatu, ndoa alama kumi. Mshindi wa msimu alikaa na kikombe chetu, ambacho hakikuwa kikombe bali televisheni ndogo ya mti iliyochongwa Wamunyu, na kwa kuwa watu wazima walitaka kukunjana mashati juu ya machozi ya watu wasiowajua, marehemu akateuliwa kuwa refa. Aliandika sheria tano katika daftari lake, ya tano ikisema kwamba hukumu ya refa haibatilishwi ila kwa kinywa cha refa mwenyewe, mbele ya wachezaji wote, na Mwikali alipoingia kucheza marehemu akamwambia mapema kwamba haki haina bibi.

Jumapili ya tarehe 25 Novemba 2001, siku ya mwisho ya msimu, Benita, mmoja wa wahusika watano wa Mwikali, aliinua mkono juu ya mama mkwe wake, na papo hapo stima ikapotea Machakos nzima, refa akabaki gizani kibandani. Hapa Kola, ambako stima yenyewe hatukuwa nayo, televisheni ya Syombua ilikuwa ikitumia betri ya gari, kazi ya mikono ya marehemu mwenyewe, na wanawake sita waliliona kofi likitua, paa, hadi kilemba kikaanguka. Marehemu akasikiliza ushahidi wote kwa heshima, kisha akaukataa, kwa sababu mashahidi wote walikuwa shemeji zake, na watu wangesema anambeba mke wake, na hivyo daftari likafungwa Yahya akiwa na sitini na mbili, Mwikali sitini. Syombua, ndiye huyu anayewasomea, alikaa miezi minane bila kumsalimia. Yahya alijaribu mara nyingi kuleta ile televisheni ya mti nyumbani kwa Mwikali, lakini Mwikali akawa anairudisha, akisema anataka ya kuhukumiwa, si ya kupewa.

Jumanne tarehe 6 Machi 2007 mchezo ule ulirudiwa asubuhi, na marehemu, akiwa na chuma cha kuchomea mkononi, akaliona kofi kwa macho yake mawili. Majuto ni mjukuu, jamani. Alifunga kibanda mchana kweupe, akawaita wachezaji wote wakutane Jumamosi, na Alhamisi, tarehe 8, kiharusi kikamwangusha, kikachukua mkono wa kulia na kikachukua kinywa.

Wachezaji walikuja hospitalini, baadaye nyumbani, wakamsihi atikise kichwa tu, wakisema yatosha, naye akawatazama machozi yakimtoka, asitikise, kwa maana sheria aliiandika mwenyewe. Kwa miezi mitano Ndanu alikaa naye kila asubuhi akimfundisha neno moja, "tatu", na sisi tukisimama mlangoni hatuna la kufanya, tukisukuma kwa midomo yetu kama wanaomsaidia mtu kuinua gunia. Jumamosi tarehe 18 Agosti, wachezaji wote wakiwapo, alisema "ta". Wengine wakasema limehesabika, wengine wakasema ni nusu ya neno, tukaanza kubishana pale pale kitandani, kisha tukanyamaza wote kwa pamoja, kwa sababu mtu wa kutuamulia ndiye aliyekuwa amelala hapo. Alituacha Jumapili, saa nne asubuhi, saa ya chai.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania, majirani waliomgeuza kitandani, mafundi wenzake waliokilinda kibanda, na Yahya, aliyekuja kila siku na birika.

Ile televisheni ya mti iko hapa mezani kando ya picha, Yahya ameileta tena, na Mwikali ameikataa tena. Ameomba daftari lisomwe jinsi mume wake alivyoliacha, Yahya sitini na mbili, Mwikali sitini, na asiliguse mtu.

Nenda upumzike kwa amani, Urbanus. Mwikali anasema alikusikia.