Kaye Nimero 41 na Mulinzi Wake, Florent Niyibizi

Baada ya miaka makumi tatu na munane ya kazi, Bwana Florent Niyibizi, mulinzi mukubwa wa makumbusho ya vitabu vya zamani ndani ya maktaba yetu ya Goma, anastaafu tarehe 28 Juni 2024. Ni mutoto wangu wa kwanza. Wenzake walikataa kuandika wasifu huu, juu ya kuogopa atawasahihisha. Mie sikuogopa. Nilifika darasa la tano kwa masista wa Rutshuru, na mukono wangu wa kuandika ulisifiwa. Mutaona kwa nini jambo hilo ni kubwa leo.

Florent aliingia kazi mwaka wa 1986, kijana mwembamba wa Kalengera mwenye suruali moja ya heshima. Walimupa funguo na kabati tano, yeye akaongeza sheria. Kila mugeni ananawa mikono, anaonyesha kucha, anangoja mikono ikauke. Mwenye kupiga chafya anatoka inje, na akirudi anaandikwa kwenye daftari, ile kaye ya chafya: jina, saa, na upande chafya ilielekea. Direktere ameandikwa humo mara kumi na tisa. Alipouliza kama ni lazima, Florent alimujibu kwa adabu yote, "Papa Direktere, sasa ni mara makumi mbili, juu umeuliza na pua ikiwa wazi." Kisha alimusamehe, akafuta ile ya makumi mbili.

Siku volkeno ya Nyiragongo ilipasuka, Januari 2002, watu walibeba magodoro. Florent alibeba vitabu. Alipanga makumi ine ndani ya sanduku la mabati, akafunga sanduku juu ya chukudu, ile baiskeli ya mbao, akasukuma mpaka Sake, mie nyuma yake na sufuria kichwani. Njiani jivu lilianza kutuangukia. Nilikuwa na kaye yangu ya usichana ndani ya kitenge, nikaitia kwenye sanduku isiharibike.

Tuliporudi akahesabu. Vilitoka makumi ine, vilirudi makumi ine na kimoja. Alihesabu mara sita mbele ya mashahidi, kisha akaandika fishi, ile kadi ya kitabu: "Nimero 41. Mwandishi hajulikani."

Nilimuambia, "Florent, hiyo ni kaye yangu."

"Mama, una ushahidi?"

"Ushahidi ni mie niliyekuzaa."

"Mutu wa jamaa ya mufanyakazi haruhusiwi kutoa ushahidi. Sheria nimero saba."

"Nani aliandika hiyo sheria?"

"Mimi, Mama."

Kaye hiyo niliandika mwaka wa 1957, nikiwa na miaka kumi na sita, juu ya ng'ombe kumi na moja za baba yangu na tabia ya kila moja. Gaju anaiba mahindi ya majirani. Bihogo anasukuma wageni, usimuache karibu na kanisa. Ilipowekwa kwenye kabati, akakuja profesa mumoja wa Kinshasa, akaisoma wiki mbili na glavu nyeupe. Akasema hao ni machifu kumi na mumoja wa zamani, na Bihogo ndiye aliyewapinga wamisionere. Mwandishi, akasema, ni muzee mushauri wa machifu, na alikufa mbele Uhuru haujafika. Nilikuwa nimesimama pale pale na chupa ya maziwa ya mashanza ya Florent. Nilimuambia profesa kwamba Bihogo alikuwa na pembe. Alinishukuru sana, akaandika: "Chifu alivaa pembe."

Tangu siku ile fishi inasema: mwandishi hajulikani, mwanaume, amekufa. Watoto wa masomo wanakuja kila Alhamisi kukariri ng'ombe za baba yangu. Mie pia ninakuja kuangalia kaye yangu mara moja kwa mwaka. Ninajaza karatasi ya maombi, ninanawa, ninaonyesha kucha, ninapewa dakika kumi na tano. Mwaka mumoja nilipiga chafya kwa furaha. Niko ukurasa wa tisa wa kaye ya chafya, upande wa dirisha.

Sasa munionyeshe mama mwingine ndani ya Goma aliyezaa mutoto wa haki namna hii. Mutoto wa jirani yangu ni munganga mukubwa, lakini anapitisha mama yake mulango wa nyuma bila kupanga mustari. Wangu hapana. Wangu aliniacha kwenye mustari nyuma ya darasa nzima, na nilisimama pale na kiburi.

Lakini nina miaka makumi nane na tatu. Ninataka jina langu kwenye ile fishi mbele sijakufa kweli, juu fishi imekwisha kuniua.

Mwezi wa tano Florent alikuwa anamukabizi kazi Patricia, mulinzi atakayeshika funguo nyuma yake. Jioni moja akakuja kwangu, akala maharagi, akasema bila kuniangalia, "Mama, wanatafuta mutu wa kuandika wasifu wangu. Kila wasifu unawekwa kwenye arshivu. Na sheria nimero kumi na mbili inasema mwandishi anatambulika kama arshivu ina karatasi ingine ya mukono wake, iliyopokelewa na mutu asiye wa jamaa." Akarudilia maharagi. Miaka makumi mbili na mbili nilizani ana kichwa kigumu. Kumbe alikuwa ananitafutia nimero ya sheria.

Kwa hiyo Patricia, wewe usiye wa jamaa yetu, usipige kwanza karatasi hizi kwa mashini. Zipokee vile ziko, weka tarehe, fungua kaye 41, ulinganishe. Angalia herufi B, tumbo la chini ni kubwa kupita la juu. Sista alinichapa juu ya hiyo B na haikubadilika. Ninakuandikia tena hapa: Bihogo anasukuma wageni, usimuache karibu na kanisa.

Florent, mutoto wangu, maktaba inakushukuru kwa kila kitabu ulichosukuma juu ya chukudu, na mie ninakushukuru kwa kimoja. Pumzika vizuri. Sufuria zangu usizitie nimero. Uishi miaka mingi na afya, na upige chafya upande unaotaka, bila kuandika.

Uwitonze Angèle,
mwandishi, mwanamuke, muzima.