Machozi ya Hamda

Tangu gari la Bububu lilipotoka Darajani, Bi Sheikha alikuwa akifoka, nasi abiria tukisikiliza bila ya kuombwa. "Dada yangu Hamda, kansa ya titi imeshamwenea mwili mzima, na mimi ndiye nnayemuuguza! Lakini kulia anakwenda kulilia Mtoni, kwa wagonjwa wenziwe. Kwangu hatoi chozi!"

"Akikwambia anakufa, unamjibuje?" aliuliza mama aliyekaa ubavuni kwake.

"Namwambia asikufuru, atapona!"

"Ndiyo maana! Sisi wenziwe humuuliza nani atamwosha akifa."

Bi Sheikha aligeuka kama aliyepigwa kofi. "Hamna haya! Na kamtaja nani?"

Gari likasimama Mtoni. Yule mama akainuka taratibu, mkono kifuani. "Kakutaja wewe. Lakini anaogopa kukwambia."