Dawa Isiyotibu: Maisha ya Mwalimu Atuganile Mwangomale (1963–2025)

Mwalimu Atuganile Mwangomale alizaliwa tarehe 9 Machi 1963 Kiwira, Rungwe, akasoma hukohuko, kisha akasomea ualimu Tukuyu.

Kuanzia 1986 hadi 2023 alifundisha Sayansi katika shule za msingi Temeke. Hakuwa wa kubembelezwa. Mwanafunzi akilia kwamba jibu lake lilikuwa karibu sawa, aliambiwa kwamba karibu sawa ni kosa lililonawa uso.

Tarehe 14 Desemba 1991 alifunga ndoa na Revelian Kaijage, karani wa bandari, mtu mpole aliyejifunza mapema kutosema chumvi imezidi "kidogo".

Februari 2024 goti lake la kushoto lilivimba. Hapo madaktari wa mtaani wakachipuka. Kila aliyefika nyumbani kwake Kiwalani kumjulia hali alisema baridi yabisi, tena kwa kujiamini, huku anakunywa chai ya mgonjwa. Akapakwa mafuta ya mnyonyo, akazuiwa maharage. Yeye akasema baridi yabisi gani hii, goti moja tu, na homa kila jioni? Nani amsikilize, mwalimu wa Sayansi tu.

Agosti alipelekwa kupigwa MRI. Daktari aliagiza picha mbili: ya kawaida, na nyingine baada ya sindano ya kile wanachokiita dawa, kinachopita kwenye damu na kung'arisha palipougua ndani ya kiungo. Mwalimu akiwa ameshalazwa kwenye mashine, mtaalamu alitoka kuwaeleza ndugu. Kaka yake mkubwa, Bwana Tusajigwe, akauliza kama dawa hiyo itaponya goti. Akajibiwa haiponyi, inaonyesha tu.

"Dawa isiyotibu ni dawa gani?" akasema. "Acheni. Msimjaze mdogo wangu sumu."

Neno moja, dawa, likamshinda mzee mzima. Picha ya kawaida ilionyesha maji kwenye goti, naye kaka akatoka kifua mbele: si nilisema, baridi yabisi. Mwalimu hakuambiwa kwamba nusu ya kipimo ilibaki mlangoni.

Alikuja kulijua hilo Machi 2025. "Kaka," alisema, "umenisahihishia mtihani ambao hukuusoma." Akarudi hospitali, akachomwa hiyo dawa. Ukuta wa ndani wa kiungo ukang'aa, mifuko ya usaha ikaonekana, kinyama kikakatwa na kupimwa: kifua kikuu cha kiungo. Kinatibika kikiwahiwa. Chake kilikuwa kimeshafika kwenye ubongo. Alifariki tarehe 2 Mei 2025.

Kabla ya hapo alimwagiza binti yake Asifiwe, aliyeandika wasifu huu: "Wasije wakanizika na baridi yabisi." Hata hivyo, tangazo la msiba alilolitoa Bwana Tusajigwe linasema marehemu aliugua baridi yabisi kwa muda mrefu. Hilo ni kosa, wala halikunawa uso.

Ameacha mume, binti, wajukuu wawili, na kaka, ambaye tangu juzi hapahapa msibani ameshatoa ushauri wa magoti kwa kila aliyechechemea.

Mwalimu Atuganile amefariki kwa kifua kikuu cha kiungo. Jibu hilo limesomwa mbele ya watu wote. Weka alama ya vema, Mwalimu, ulale kwa amani.