Fundi Aliyeifundisha Saa ya Kiwanda Kiswahili

Wazee wangu, mama zangu, ndugu na jirani mliotufuta machozi wiki hii, shikamooni. Mimi ni kifungua mimba wa marehemu. Mdogo wangu ndiye aliyepangiwa kusoma, lakini tangu juzi hamalizi sentensi. Basi mtanivumilia, mdomo wangu mnaujua.

Marehemu baba yetu, ambaye wengi mlimwita Saa Sita, alizaliwa tarehe 12 Machi 1943 katika nyumba za wafanyakazi, nyuma ya kiwanda cha nguo. Baba yake alikuwa mbeba marobota ya pamba. Marehemu alisema kitu cha kwanza anachokikumbuka duniani ni sakafu kutetemeka. Mitambo ikiwashwa, maji yalicheza kikombeni hadi nyumba ya mwisho mtaani. Na juu ya yote hayo ulisimama mnara wa matofali mekundu, wenye saa pana kuliko chumba walicholala. Utotoni aliamini jua lenyewe huomba ruhusa pale ndipo litoke. Sina hakika kama aliwahi kuacha kuamini.

Alisoma hadi darasa la nane, mwaka 1958, katika shule iliyotazamana na mnara huo. Alifundishwa kusoma saa kama tulivyofundishwa sote: mshale mfupi ukiwa kwenye 1, wewe tazama namba inayoelekeana nayo, useme saa saba. Akamuuliza mwalimu, "Sasa kwa nini wasiandike tu saba?" Akaambiwa aache ujuaji.

Mwaka 1961 aliajiriwa kiwandani kama fundi rangi. Mwaka 1968 namba za saa zilikuwa zimefifia, akaning'inizwa nje ya mnara kwenye ubao wa kamba, kopo la rangi nyeusi kiunoni. Chini alisimama injinia mkuu, mgeni aliyejivunia sana Kiswahili chake, akipaza sauti: "Juu kabisa, saa sita! Chini kabisa, saa kumi na mbili!" Naye baba akaandika alichoambiwa. Juu, 6. Chini, 12. Akazunguka hivyo hivyo mpaka akamaliza.

Kesho yake zamu ya asubuhi iliingia ikakuta mshale mfupi uko kwenye 1, na kweli ilikuwa saa moja. Jamani, watu walicheka mpaka wakakaa chini. Halafu, mama anasema, kicheko kikakatika chenyewe, wakabaki wameinua shingo. Dude lililowaamrisha tangu utoto wao, siku hiyo lilisema kama wanavyosema wao. Injinia alitaka baba afukuzwe papo hapo. Lakini msimamizi wa wasokota nyuzi, mama mmoja asiyeogopa mtu, alimfuata meneja akamwambia, "Bwana mkubwa, msiiguse. Ndiyo kwanza imeanza kuongea." Haikuguswa. Baba akapewa na kazi ya kuitia ufunguo kila Jumamosi.

Nilimbana mara moja. "Baba, sema kweli. Ulikosea au ulifanya makusudi?"

"Mwanangu, mkubwa kasema sita. Mimi nani niandike kumi na mbili?" Akageukia ukutani, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

Alifunga ndoa na mama yetu mwaka 1970. Mama alikuwa mfumaji, na kwenye ukumbi wa kufuma humsikii hata anayekukanyaga. Baba alimsogelea akasema neno lake. Mama akajibu, "Nini?" Akarudia. "Nini?" Mara ya tatu akavuta pumzi, na umeme nao ukakatika. Ukumbi mzima ukasikia: "NATAKA KUKUOA!" Mama anasema angekataaje mbele ya kadamnasi ile.

Kiwanda kilifungwa mwaka 1994. Mitambo ikauzwa chuma chakavu, mtaa ukanyamaza mpaka watoto wakashindwa kulala. Baba hakuacha kupanda mnara. Popo walimzoea.

Mwaka 2018 kiwanda kilipata mnunuzi, aliyetaka kujenga maghala. Mnara ulikuwa unaziba njia ya malori, hivyo ukapangiwa kuvunjwa. Baba alivaa koti lake la harusi akaenda kumwona. Yule bwana alimsikiliza kwa heshima, akamwambia, "Mzee, maadamu uko hai, sitaugusa." Baba alirudi nyumbani anapiga mluzi. Mama akamtazama: "Unashangilia nini? Huoni kwamba amekuhesabia umri?"

Vumbi la pamba lilikuwa limekaa mapafuni mwake miaka mingi, na mwezi Aprili mwaka huu likamlaza. Daktari alitupa wiki chache. Baba akaishi miezi mitano. Watu walisema ana roho ngumu. Mimi naamini alikuwa kazini. Pumzi yake ndiyo iliyokuwa inaushikilia mnara ule, naye alilijua hilo, akawa anaivuta moja moja, kwa maumivu ambayo sitayaeleza hapa. Kila nilipoingia wodini hakuomba maji wala chakula. Aliniuliza, "Bado upo?"

"Upo, baba."

Jumanne tarehe 14 Septemba 2021 niliingia, hakuuliza.

Marehemu ameacha mjane, dada mmoja, watoto watatu, wajukuu saba, na saa moja.

Haya yanayofuata hayamo kwenye karatasi mlizoshika. Bwana mwenye kiwanda, nakuona pale nyuma. Asante kwa kuja kumzika mzee wetu. Ahadi yako ulimpa mtu aliye hai, na umeitimiza. Mtu asikunyooshee kidole. Ila ujue kwamba leo asubuhi, kabla hatujamtoa baba nyumbani, nimepanda nikaitia saa ufunguo. Itatembea mpaka Jumamosi ijayo. Jumamosi hiyo nitakuja tena. Kukuta mlango au kukuta kifusi, hilo liko mikononi mwako.

Baba, zamu yako imekwisha. Lala salama.