Familia ya Watu Wawili na Ng'ombe

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe na ninyi mliopanda kilima kwenye utelezi huu wa leo! Mimi ni Atupele, mjane wa hapa hapa Tukuyu, wengi mnanijua kwa maziwa. Leo sikuleta maziwa, nimeleta ushuhuda.

Nikitazama mabenchi haya naona familia za kila namna. Yupo bibi anayelea wajukuu, wazazi wao wako Dar. Yupo dada anayelea mtoto peke yake. Yupo kaka aliyeoa mama mwenye watoto wake, na leo wanamwita baba bila shida yoyote. Lakini yangu ilizizidi zote kwa maajabu: mkamwana, baba mkwe, na ng'ombe mmoja aitwaye Bahati.

Vijana mtacheka, wazee mnajua. Kwetu Wanyakyusa mkamwana hamkaribii baba mkwe. Hamshiki mkono, hamtazami usoni, hali naye meza moja. Nilipoolewa, Tata, ndivyo nilivyomwita baba mkwe wangu, akipita njiani mimi naingia migombani. Naye alikuwa akikohoa tangu mbali ili nipate nafasi ya kujificha, maskini. Mama mkwe alikuwa hai, mume wangu Ambakisye yupo, maneno yetu yanapitia kwao, nyumba imejaa. Nikikumbuka jioni zile, moshi wa jikoni, ndizi zinachemka, mama mkwe anaimba huku anachambua maharage, moyo wangu unalia hata leo.

Kisha mama mkwe akafariki. Ambakisye naye akaugua, akamfuata mama yake. Hatukujaliwa mtoto, na yeye ndiye aliyekuwa mtoto pekee wa Tata. Tukabaki watu wawili tusioweza kusemezana!

Ndipo tukaanza kuongea kupitia kwa Bahati. Nikishaandaa chakula, nakwenda bandani nasema kwa sauti, "Bahati, ndizi ziko mezani, zisipoe." Tata anajibu kutoka barazani, "Bahati, mwambie aliyepika, ndaga fijo, asante sana. Ila chumvi leo ameionea huruma." Ndugu zangu, ng'ombe yule alijua siri zote za nyumba! Nilikuwa nacheka peke yangu, halafu nalia peke yangu.

Baba mdogo, yaani mdogo wake Tata anayeishi Kiwira, akatuma habari kwamba ukoo unakuja kuamua. Nilijua watakachosema. Mjane asiye na mtoto arudi kwao Kisiba, mzee ahamie Kiwira, nyumba ifungwe. Kisiba wazazi wangu hawapo tena. Ningekwenda kwa nani? Na Tata angeishije Kiwira, yeye aliyezoea kulala akisikia mvua kwenye migomba yake? Nikafunga, nikaomba. Nikamuuliza Mungu, mimi ni wa nani?

Jumamosi moja mvua ilikuwa inamwagika. Nikasikia kishindo nyuma ya banda. Tata ameteleza, amelala kwenye tope, mguu umekunjika, anatetemeka. Nami nimesimama pale nimegeuza uso! Akasema, na hayo ndiyo maneno ya kwanza aliyoniambia mimi mwenyewe, "Usinishike, mwanangu. Kamwite mwanaume." Nikakimbia barabarani nikipiga kelele. Majirani wote walikuwa msibani, mtaa wa pili. Nikarudi, nikakuta midomo yake imebadilika rangi.

Ndugu zangu, pale ndipo Bwana alipokata kamba zangu! Sikusikia sauti kutoka mbinguni. Niliona tu mzee anakufa kwa baridi kwa ajili ya kunistahi mimi. Nikasema, Yesu, heshima yangu na yake naiweka mikononi mwako. Nikageuka, nikamtazama usoni. Ana macho ya Ambakisye! Miaka yote ile sikujua! Nikamwambia, "Tata, nakushika." Nikamwinua, nikamwegemeza begani mpaka motoni, nikamwosha miguu. Alilia, nami nikalia. Tangu siku ile tulikula meza moja, na Bahati akapumzika. Haleluya!

Ukoo ulipokuja nilikaa jikoni nikisikiliza. Baba mdogo akasema, "Hapa hakuna familia. Kuna mzee na mjane."

Tata akagonga fimbo chini. "Mimi nina mtoto. Atakayemtoa yeye, anitoe na mimi."

Wakala, wakanywa chai, wakaondoka. Baba mdogo alikuwa amenuna hasa.

Tuliishi vizuri, jamani. Jioni Tata alinisimulia jinsi Ambakisye alivyokuwa mtundu, akipanda miparachichi ya watu na kurudi na kaptula imechanika. Hadithi ileile kila wiki, nami nacheka kila wiki. Jioni zile nazitamani mno.

Mwaka jana Tata alilala. Makaburini mwongozaji akaita, "Watoto wa marehemu, waje waweke shada la maua." Hakuna aliyeinuka. Mimi nilikuwa nimekaa na wakamwana wa ukoo, nikingoja tuitwe baadaye. Watu wakaanza kutazamana. Mara nikamwona baba mdogo, kofia mkononi, anapita katikati ya watu na kuja upande wa wanawake, mahali asipopaswa kufika. Akanishika mkono mbele ya ukoo mzima.

"Inuka, mwanangu," akasema. "Unaitwa."

Nikainuka, nikaweka shada la baba yangu.

Basi namshukuru Mungu, namshukuru kwa machozi! Na wewe uliyekaa hapo, ambaye watu wameshindwa kuipa jina nyumba yako, mwamini Bwana. Anawajua walio wake, naye atakuita na wewe. Amina.